Kwa Wenye Chongo

Kiswahili kina maneno mawili kwa kisu kimoja. Ukisema tohara ya wanawake, umeshika neno lililotoka kwenye Kiarabu, lenye mzizi wa usafi. Msikilizaji anaona maji, udhu, mwali aliyetakaswa. Ukisema ukeketaji, umeshika kitenzi cha mtu anayekata kwa kisu butu, akipeleka na kurudisha, kama anayepambana na mfupa. Neno la tatu, lisilochagua upande, sijalipata. Nesi, sheikh, hakimu na mwandishi wa gazeti, kila mmoja akishafungua kinywa ameshahukumu, hata kabla hajaeleza kilichotendeka.

Je, watu wa jamii moja wana haki ya kusema kwamba desturi ya jamii nyingine ni mbaya? Sisemi ngeni, wala ya kushangaza. Mbaya. Wapo wanaojibu kuwa swali lenyewe ni la kiburi: wema na ubaya huzaliwa ndani ya mila, kila mila ina mizani yake, na hakuna mizani iliyoning'inia angani ya kuzipimia zote. Wanafalsafa huuita msimamo huu urelativisti wa kitamaduni. Barazani tunausema kwa kifupi: kila watu na lao.

Hata methali zetu zinaonekana kuunga mkono. Mwacha mila ni mtumwa, tunaambiwa, na ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Hii ya pili hunukuliwa sana na watu wa kila watu na lao, lakini nadhani hawaisikilizi vizuri. Haisemi kwamba chongo ni namna nyingine ya kuona. Imeita chongo kwa jina lake, kasoro ya jicho, kisha ikamshauri mgeni awe na adabu. Methali imeshahukumu, inachomkataza mgeni ni kuropoka. Baina ya kuhukumu na kuropoka pana nafasi kubwa, na humo ndimo mjadala huu wote unamopaswa kukaa.

Kesi kubwa ya swali hili katika Afrika Mashariki ilianza nje ya mahakama, mwaka 1929, kwenye vilima vya Wakikuyu. Misheni ya Kanisa la Scotland, yenye vituo Thogoto na Tumutumu, ilikuwa ikiipinga tohara ya wasichana tangu muongo wa kwanza wa karne. Madaktari wake waliwapokea wanawake waliokwama katika uzazi kwa sababu ya makovu, na baadhi yao hawakutoka hai. Mwaka huo subira iliisha. Dk. John Arthur, tabibu na mchungaji aliyeongoza Thogoto, pamoja na wenzake wa misheni kadhaa, waliwataka waumini waweke saini au dole gumba kwenye ahadi ya kuikana desturi hiyo, na papo hapo kukikana chama cha siasa cha Kikuyu Central Association. Mwalimu asiyetia saini hana darasa; muumini asiyetia saini hana ushirika. Alama ya dole kwa Kikikuyu ni kirore, na jina hilo likawaganda waliokubali. Waliokataa wakajiita karing'a, yaani halisi, wasiochanganywa.

Wamisionari nao walijua nguvu ya maneno. Mwaka huohuo Marion Stevenson, mmisionari Mskoti, alishauri kwamba badala ya kuita jambo hilo tohara, liitwe kitendo cha kuharibu viungo vya uzazi vya wanawake. Yaani safari ya kutoka tohara hadi ukeketaji, ambayo Kiswahili kimeifanya katika miaka ya karibuni, Waskoti waliifanya kwa Kiingereza karibu miaka mia iliyopita. Upande wa pili ukajibu kwa Biblia. Tafsiri ya Kikikuyu ilikuwa imemwita Bikira Maria muiritu, na kwa Wakikuyu wa wakati ule muiritu alikuwa msichana aliyekwisha kutahiriwa. Sasa, wakauliza, mama wa Bwana Yesu naye tumtoe kanisani? Nimecheka kila ninapoisoma hoja hii, lakini ni hoja.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi kwa matokeo yake ya kisiasa. Makanisa yalipoteza sehemu kubwa ya waumini kwa miezi michache. Vijana wakaimba Muthirigu, ngoma ya kuwadhihaki wamisionari na machifu waliowaunga mkono, hadi serikali ikaipiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Januari ya mwaka huo mmisionari Mmarekani, Hulda Stumpf, aliuawa Kijabe, na wanahistoria wangali wanabishana kama kifo chake kilihusiana na mgogoro. Wazazi waliotoa watoto wao katika shule za misheni walijenga za kwao, na shule hizo huru zikawa baadaye mojawapo ya vitalu vya harakati za ukombozi.

Mtu aliyekuwa na shamba na akaliona limegeuka kuwa la mlowezi, anayelipa kodi ya kibanda, anayetembea na kipande shingoni, sasa anaambiwa na watu wa rangi ileile ya aliyemnyang'anya shamba kwamba binti yake naye analelewa vibaya. Kwake hukumu juu ya kisu na hukumu juu ya ardhi zilitoka mdomo mmoja. Hakuwa na sababu ya kuzitenganisha, na wamisionari, kwa kufunga kiapo cha tohara na kiapo cha kukana chama katika karatasi moja, hawakumsaidia kuzitenganisha.

Katibu wa chama hicho alikuwa London wakati moto unawaka. Jomo Kenyatta alirudi tena Uingereza mwaka 1931, na katikati ya muongo huo akasoma anthropolojia katika London School of Economics chini ya Bronisław Malinowski. Kitabu chake *Facing Mount Kenya* kilitoka mwaka 1938, na dibaji ni ya Malinowski mwenyewe. Sura ya jando na unyago wa Kikikuyu, irua, ndiyo iliyowasha watu. Kenyatta alieleza kwamba mkato wenyewe ni sehemu ndogo. Kuzunguka mkato huo kuna rika, mafunzo, historia, nyimbo, majirani, ndoa. Ukiondoa jiwe hilo, ukuta wote unashuka. Hii ilikuwa anthropolojia ya wakati ule kwa usahihi wake: kila desturi ina kazi mwilini mwa jamii, kama ini na figo, na mganga wa kigeni asijikatie asichokielewa.

Anthropolojia hiyo ilikuwa na ukoo wenye heshima. Herodoto, Mgiriki aliyeandika karne ya tano kabla ya Kristo, anasimulia kwamba mfalme Dario wa Uajemi aliwauliza Wagiriki kwa fedha gani wangekubali kula maiti za baba zao. Wakasema hakuna fedha kama hiyo. Kisha akawaita Wakalati, watu wa India ambao walikula wazazi wao waliokufa, akawauliza wangetaka nini wawachome moto, kama Wagiriki walivyofanya. Wakapiga ukelele wa kuchukizwa. Herodoto akamaliza kwamba mila ni mfalme wa wote. Karne nyingi baadaye Franz Boas, Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi aliyehamia Marekani, aliichukua hoja hiyo akaifanya silaha dhidi ya ubaguzi wa rangi. Katika zama ambapo wasomi walipanga mataifa kwenye ngazi, Mzungu juu na Mwafrika chini, Boas na wanafunzi wake walisema ngazi hakuna. Kuna tamaduni nyingi, kila moja na mantiki yake. Mwanafunzi wake Ruth Benedict alilieleza hilo mwaka 1934 katika *Patterns of Culture*, kitabu kilichosomwa mno. Tusisahau kwamba walifanya hivyo wakati Ulaya ilikuwa ikijiandaa kuua watu kwa sababu ya damu yao.

Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandika Tamko la Haki za Binadamu, chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilituma waraka, ulioandaliwa hasa na Melville Herskovits, mwanafunzi mwingine wa Boas na mtaalamu wa Afrika. Waraka ulionya kwamba viwango vya maadili hutokana na utamaduni uliovizaa, na kwamba tamko la wote lisije likawa tamko la Wazungu waliovaa joho la wote. Onyo halikuwa la bure: nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado makoloni, hazikuwa na kiti mezani. Tamko lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, hakuna aliyelipinga, nchi nane zikajizuia. Miongoni mwa hizo nane ilikuwamo Afrika Kusini. Hapo ndipo mambo yanapoanza kunitatiza.

Maana nani aliyeichukua lugha ya kila watu na lao akaijengea dola? Werner Eiselen, mwanaanthropolojia wa Kiafrikana, mtoto wa mmisionari, aliongoza tume ya elimu ya Waafrika kuanzia 1949, na mapendekezo yake yakazaa Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953. Alikuwa pia katibu mkuu wa wizara ya mambo ya wenyeji chini ya waziri Verwoerd. Hoja yake haikuwa kwamba Mzulu au Mvenda ni mnyama. Alisema kila taifa lina utamaduni wake, na utamaduni huo ustawi katika ardhi yake, kwa lugha yake, kwa shule zake, mbali na wa wengine. Boas alitumia wingi wa tamaduni kubomoa ngazi. Eiselen aliutumia kujenga uzio. Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, naam, lakini ngozi inayovutika hadi pande zote mbili namna hiyo inafaa kukaguliwa.

Nikiikagua naona imeshonwa kwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni taarifa tu: watu hutofautiana katika desturi. Hiyo ni kweli, ingawa si kwa kiwango tunachodhani. Kamusi zetu zina neno kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, wasafiri na wamisionari wa karne ya 19 waliandika kwamba vigego waliuawa au kutupwa. Ukisikia hivyo unasema: watu hawa hawakupenda watoto. Lakini waliamini kwamba kigego angeleta vifo katika ukoo mzima. Mzazi wa leo, akihakikishiwa kwamba mtoto wake ana maradhi yatakayoangamiza kijiji, naye angetetemeka njia panda. Tofauti kati yetu na wao iko zaidi kwenye elimu ya meno kuliko kwenye maadili. Imani ile ilipovunjika, kitendo kilikufa bila kuhitaji maadili mapya, kwa kuwa mapenzi kwa mtoto yalikuwapo tangu hapo. Mabishano mengi tunayoyaita ya maadili ni ya namna hii.

Kipande cha pili ni cha falsafa: ubaya wa jambo unategemea jamii inavyoliona, basi. Hiki ndicho kigumu kukitetea, na wanafalsafa wamekifukua mara nyingi. Kikiwa kweli, kila mwenye kuipinga desturi ya kwao amekosea kwa tafsiri ya maneno yenyewe, kwa kuwa wema ni kile jamii inachokubali na yeye amekikataa. Mtumwa aliyeona utumwa ni dhuluma, katika mji ambao wenye mji waliuona halali, alikuwa amepotoka kimaadili mpaka siku sheria ilipobadilika. Tena, anayesema tusihukumu tamaduni za wengine anatoa amri kwa tamaduni zote, zikiwemo zile ambazo mila yake ni kuhukumu wengine asubuhi na jioni. Hoja inajikalia kichwani.

Ila kilichonishawishi mimi zaidi si ukinzani huo wa kimantiki. Ni neno jamii. Jamii gani? Mkikuyu wa 1929 alikuwa na kirore na karing'a katika ukoo mmoja, pengine katika nyumba moja. Ukisema maadili ya Wakikuyu yalikubali tohara ya wasichana, umeshaamua nani ni Mkikuyu kamili. Mara nyingi anayejibu kwa niaba ya jamii ni mzee mwenye kiti, na mara nyingi ni mwanamume. Mgeni mwenye adabu akifumba jicho kwa kuwaheshimu wenyeji, kumbe amemheshimu mwenyeji mmoja akamfumbia jicho mwingine.

Hata maandishi ya mila yana mwandishi. Wahaya wa Kagera, kama makabila mengi ya Tanganyika, walikuta mwaka 1963 desturi zao zimewekwa kwenye Tangazo la Serikali kama sheria za kimila: mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, kuliuza hawezi. Miaka 25 baadaye, mwanamke mmoja wa Muleba, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani, akashinda katika Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Februari 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba kanuni hiyo inakwenda kinyume na Katiba, ambayo Hati ya Haki za Binadamu ilikuwa imeingizwa humo mwaka 1984, na kwamba wanawake wana haki sawa na wanaume ya kuuza shamba. Hukumu hiyo hutajwa kama ushindi wa haki za binadamu juu ya mila. Mimi naiona kama ugomvi wa Wahaya wawili, ambao mmoja wao alikuwa hajasikilizwa. Mwanamke yule hakutoka Geneva.

Kipande cha tatu cha ngozi ni cha siasa: nani ana haki ya kuingilia? Hiki ndicho chenye nguvu ya kweli, na nguvu hiyo imekuwa ikiazimwa na vipande viwili vya mwanzo. Mtu akiuliza "wewe ni nani hata utuhukumu?" ameuliza swali zuri, lakini linamhusu anayehukumu. Kitendo kinachohukumiwa kiko palepale.

Zanzibar inalijua hili kuliko wengi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, baada ya Waingereza kutishia kuzingira kisiwa kwa manowari. Soko la Mkunazini likafungwa, kanisa likajengwa hapo. Hukumu kwamba kumuuza mtu sokoni ni uovu ilikuwa sahihi. Aliyeitoa alikuwa na nchi yake akilini: mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Na hakimu huyo mkali, alipofuta hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, aliwaacha masuria nje ya sheria hiyo hadi 1909, ili asivuruge nyumba za wakubwa. Haki ilikuja na mwizi, tena ikaja nusu. Anayekataa ukweli wa hukumu kwa sababu ya mwizi anakosea. Anayesahau mwizi kwa sababu ya ukweli wa hukumu anakosea vilevile. Sijui kwa nini ni vigumu hivyo kushika mawili haya kwa pamoja, lakini vitabu vingi hushika moja.

Na hakimu ana historia yake mwenyewe ya visu. Miaka sitini na ushei kabla ya kiapo cha Thogoto, daktari bingwa wa London, Isaac Baker Brown, alikuwa akiwakata wanawake wa Kiingereza kinembe kuwatibu kifafa na kile kilichoitwa histeria. Aliandika kitabu kukisifu kitendo hicho mwaka 1866, na mwaka uliofuata chama cha madaktari wa uzazi cha London kikamfukuza, lawama kubwa ikiwa kwamba wagonjwa na waume zao hawakuelezwa vema watakachofanyiwa. Nyani haoni kundule. Lakini tuangalie vizuri kisa hiki: ni Waingereza wenyewe waliomsimamisha.

Kioo hicho kinageukia upande wetu pia. Mwaka 2012 mahakama moja mjini Cologne, Ujerumani, iliamua kwamba kumtahiri mvulana kwa sababu ya dini ni kuujeruhi mwili wake. Kesi ilimhusu mtoto wa Kiislamu wa miaka minne. Waislamu na Wayahudi walisimama pamoja kupinga, jambo lisiloonekana kila siku, na Desemba ya mwaka huo bunge likapitisha sheria ya kuruhusu. Mimi, kama wanaume wengi wa pwani, nilitahiriwa bila kuulizwa, na nilipoisoma habari ile hasira iliyonipanda ilikuwa ileile ya karing'a: hawa ni nani? Baadaye nilijilazimisha kuuliza swali la pili. Je, kuna hoja? Ipo tofauti kubwa ya madhara kati ya mikato hiyo miwili, na naiamini tofauti hiyo. Lakini niliona kwamba nilikuwa na jibu kabla ya hoja, na hilo linatosha kunifanya nisiwacheke wazee wa karing'a.

Kwa hiyo hukumu ipo, na inawezekana. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki 2022, alijenga jibu lake kutoka chini badala ya juu. Hakutafuta mizani iliyoning'inia angani. Alisema jamii zote za binadamu, kwa kuwa zinaweza kuzungumza na kuelewana hata kupitia mkalimani, zina kitu cha pamoja, na katika maadili kitu hicho ni uwezo wa kujiweka mahali pa mwenzako bila upendeleo. Waswahili walishalisema kwa ufupi wenye damu: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii haiwaachi watu wa kila watu na lao, kwa sababu haimwambii mhukumiwa apime kwa mila ya mgeni. Inamwambia ajipime kwa ngozi yake. Wala haimwachi mmisionari.

Waafrika walipokaa wenyewe kuandika, walifanya hivyohivyo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unamtaka kila mtu ahifadhi maadili ya kitamaduni ya Kiafrika yaliyo chanya. Neno moja, chanya, na kazi yote imewekwa juu yake: mila zitapepetwa, na mpepetaji ni sisi. Itifaki ya Maputo ya 2003 ikaendelea, ikataja wazi ukeketaji miongoni mwa desturi za kupigwa marufuku. Anayesema vita dhidi ya kisu hicho ni vya Wazungu anapaswa kueleza Maputo.

Hata hivyo kujua kwamba jambo ni baya hakukufundishi namna ya kulikomesha. Meru ndiyo shule ya somo hili. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likishirikiana na utawala wa kikoloni katikati ya hali ya hatari, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wakaingia msituni na viwembe wakatahiriana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, nitajitahiri. Ndani ya miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walikuwa wameshitakiwa. Bila ngariba mzoefu, bila mafunzo, bila sherehe: marufuku iliondoa kila kitu kilichozunguka mkato, ikauacha mkato. Kenyatta alikuwa amesema ukuta utashuka ukiondoa jiwe. Hapa ukuta ulishuka, jiwe likabaki.

Miaka arobaini baadaye, jirani ya hapo, Tharaka, familia chache zilijaribu kinyume chake. Mwaka 1996, kwa msaada wa shirika la Maendeleo ya Wanawake, waliwaweka wasichana ndani, wakawafunza, wakawacheza, wakawatoa kwa zawadi, bila kisu. Waliita Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Kwa mtu wa pwani hili si geni: unyago wetu una somo na kungwi, una ngoma na siri, na mwali anatoka mzima. Bi Kidude aliwafunda wali wa Zanzibar kwa miaka mingi, na ukali wake wote ulikuwa ulimini na ngomani.

Takwimu za Kenya zimeshuka: mwaka 1998, wanawake 38 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa; mwaka 2022 walikuwa 15. Tanzania imefika 8. Sheria zilichangia, ile ya Tanzania ya 1998 inayowalinda walio chini ya miaka 18 na ile ya Kenya ya 2011 isiyojali umri, lakini shule, miji, mimbari na mama waliokumbuka maumivu yao vilichangia pia. Na kwingine, kama kwa Wasomali wa kaskazini mashariki ya Kenya, kisu bado kinawafikia karibu wote, au kimehamia kliniki na kuvaa glovu.

Linabaki fundo moja ambalo sijalifungua. Mwaka 2017 daktari mmoja wa kike wa Kenya alikwenda Mahakama Kuu akiitaka ifute sheria ya 2011. Alisema mwanamke mtu mzima anayeruhusiwa kuchagua mengine yenye hatari aruhusiwe kuchagua na hili, ambalo ni urithi wake. Machi 2021 majaji watatu walimkatalia. Kwa maoni yao, mahali ambapo msichana asiyekatwa hupata kejeli na kukosa mume, kukubali kwake si kukubali. Mwanaanthropolojia Fuambai Ahmadu, Mmarekani mwenye asili ya Sierra Leone aliyerudi kwao akiwa mtu mzima kukatwa kwa hiari, ameandika kwa hoja kama hiyo ya daktari na kwa hasira zaidi, akiuliza mbona wanawake wa nchi tajiri wanaolipia upasuaji wa sehemu zao za siri wapate urembo hawafungwi. Nimejaribu kumjibu. Naweza kusema shinikizo la ukoo si sawa na shinikizo la matangazo, lakini sina uhakika kwamba najua tofauti yake ni ya aina au ya kiasi tu. Ninachokiona ni kwamba swali lake halitolewi kwa lugha ya kila watu na lao. Anataka mizani moja itumike kwa wote.

Nikirudi kwenye vilima vya 1929, kuna watu ambao simulizi hii huwaruka, kwa sababu hawakuwa misheni wala hawakuwa chama. Upande wa Nyeri, wasichana na wanawake Wakristo wa Kikikuyu walijikusanya wakajiita Ngo ya Tuiritu, ngao ya wasichana. Siku ya Krismasi ya 1931 waliliandikia Baraza la Wenyeji la South Nyeri. Walisema wamesikia kuna wanaume wanaozungumzia tohara ya wanawake, na wanashangaa, kwa maana wanaume hao hawazai.